Damu Imepotelea Wapi? Mhadhara kwa Watu wa Moshi na Vijiji vya Mlimani

Mtu akipimwa wekundu wa damu akaambiwa uko chini, mambo matatu hufuata karibu kila mara. Hupewa vidonge vya kuongeza damu, huambiwa ale mboga za majani kwa wingi, na jirani humshauri anywe juisi ya rosela kwa kuwa ni nyekundu. Wengine hupona. Wengine hurudi baada ya miezi mitatu wakiwa vilevile, wakapewa vidonge vilevile. Hoja yangu leo ni kwamba kipimo cha wekundu wa damu hutuambia kuna upungufu, basi; hakituambii upungufu huo umetokea wapi. Tiba inayotolewa bila kuuliza swali hilo la pili ni ya kubahatisha, na kuna wakati inamdhuru mgonjwa. Mlima wetu wa Kilimanjaro ni mahali pazuri pa kulithibitisha jambo hili, kwa sababu kutoka mashamba ya miwa ya TPC kule Arusha Chini hadi migomba ya juu kabisa ni safari ya asubuhi moja, na katika safari hiyo fupi sababu za upungufu wa damu hubadilika, hata kiwango chenyewe cha kumwita mtu mgonjwa hubadilika.

Kwanza tuone damu inavyotengenezwa. Seli nyekundu huzaliwa katika uboho, ile tishu laini iliyomo ndani ya mifupa, na kwa mtu mzima ni hasa mifupa ya nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari. Uboho wa mtu mwenye afya hutoa seli zipatazo milioni 2 kila sekunde. Kila seli huishi siku 120 hivi, kisha hukamatwa na kuvunjwa katika bandama na ini. Lakini anayepanga kasi ya kazi hii si uboho wenyewe, ni figo. Figo huhisi oksijeni iliyomo kwenye damu inayopita, na oksijeni ikipungua hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuamuru uboho uongeze uzalishaji. Namna seli zinavyoihisi oksijeni ilifafanuliwa na William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, nao wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019. Amri ikishafika, seli mama hugawanyika na kukomaa kwa muda wa wiki moja hivi, hujaza himoglobini, yaani ule wekundu unaopimwa, hutupa kiini chake, kisha huingia kwenye mkondo wa damu ikiwa seli changa. Ili haya yote yatimie yanahitajika madini ya chuma ya kuunda himoglobini, foliki asidi na vitamini B12 za kuwezesha seli kugawanyika, protini ya kutosha, figo zinazotoa amri, na uboho ambao haujabanwa na ugonjwa wala dawa. Kikikosekana kimoja tu kati ya hivyo, wekundu wa damu hushuka, na namba inayosomwa kwenye kipimo huwa ileile.

Hesabu ya chuma inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko yote, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma, na sehemu kubwa imo ndani ya himoglobini. Uboho huhitaji miligramu 20 hadi 25 kila siku, ilhali chakula huingiza miligramu 1 au 2 tu. Kinachobaki chote hutoka kwenye seli kuukuu zilizovunjwa, ambazo chuma chake hurudishwa kazini. Maana yake ni kwamba mwili haukuumbwa utegemee chuma kipya. Umeumbwa utunze ulicho nacho. Mililita 1 ya damu hubeba takriban nusu miligramu ya chuma. Mtu anayepoteza mililita 4 tu kwa siku, kiasi kisichojaza kijiko cha chai, amepoteza chote alichokipata kwenye chakula. Mnyoo mmoja wa safura, wa aina inayokunywa damu zaidi, huweza kunyonya hadi sehemu ya tano ya mililita kwa siku. Minyoo 20 inatosha kumaliza posho hiyo yote. Mkulima wa huku akiona maji ya mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji, hayafiki shambani kwake, habebi ndoo akamwagilia na kwenda kulala. Huufuata mfongo kupanda juu mpaka aone ulipobomoka. Kumpa chuma mtu ambaye damu yake inavuja, bila kutafuta inapovujia, ni kazi ya ndoo.

Sasa tuteremke tambarare. Chini ya mji wa Moshi, kwenye mpunga wa Mabogini na Chekereni na kwenye nyika inayouzunguka, mharibifu mkubwa wa damu kwa miaka mingi alikuwa malaria. Kimelea cha malaria hupasua seli alimozaliana, lakini hasara haiishii hapo. Bandama huondoa pia seli nyingi ambazo hazikuambukizwa, na uboho wenyewe huzubaa wakati ambapo ulitakiwa kufanya kazi maradufu. Watafiti wa hospitali ya KCMC, wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wa London walipima vijiji vya Kilimanjaro, Pare na Usambara kwa kufuata kimo, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2005 yalionyesha malaria ikipungua kadiri mtu anavyopanda. Kuna jambo jingine la hapa Moshi Chini ambalo naliona la thamani kubwa. Mtafiti Jasper Ijumba na wenzake walikuta mbu wengi zaidi kwenye vijiji vya mpunga kuliko vya mahindi ya nyikani, lakini maambukizi ya malaria yalikuwa madogo zaidi kwenye mpunga. Wakulima wa mpunga walikuwa na kipato kizuri zaidi, na wakalala ndani ya vyandarua. Na chandarua chaweza kuongeza damu? Ndiyo. Katika bonde la Kilombero, ripoti iliyotoka mwaka 2001 ilionyesha kwamba baada ya vyandarua vyenye dawa kuenezwa, watoto wa chini ya miaka miwili wenye upungufu wa damu walishuka kutoka asilimia 49 hadi asilimia 26 ndani ya miaka miwili. Chandarua hakina chuma hata chembe. Kilichofanyika ni kuuzuia uharibifu, na miili ya watoto ikajijazia yenyewe.

Tambarare hizohizo za malaria ndizo zilizoacha alama nyingine katika damu ya watu wa Afrika Mashariki. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima watu wa nchi hiyo mwaka 1949 akaona kwamba chembechembe za urithi wa selimundu zilijaa pwani na kandokando ya Ziwa Nyanza, na kwenye nyanda za juu zilikuwa haba sana. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili huugua, na seli zake huishi wiki mbili au tatu tu badala ya miezi minne. Mtoto wa namna hiyo hakosi chuma. Mara nyingi anacho cha kutosha au kimezidi, hasa akishaongezewa damu mara kadhaa. Ni kosa kusema selimundu ni ugonjwa wa watu wa pwani na wa kanda ya ziwa, kwamba huku mlimani haututishi. Moshi ni mji wa njia panda ya watu. Wameoana hapa watu wa kila pembe ya nchi, na mtoto anayepauka na kuvimba vidole akiwa mchanga anastahili kupimwa, awe wa ukoo wowote.

Mtu aweza kunipinga hapa kwa hoja nzito. Atasema ukosefu wa chuma ndiyo sababu inayoongoza duniani, vidonge ni bei rahisi, vipimo ni ghali. Basi tuwape wote chuma, watakaofaidika wafaidike, wengine hawatadhurika. Hoja hiyo ilijaribiwa katika nchi yetu wenyewe. Kisiwani Pemba, watoto zaidi ya 20,000 wa umri wa chini ya miaka mitatu waliingizwa katika utafiti wa kuwapa chuma na foliki asidi kila siku. Mwaka 2003 sehemu iliyokuwa na chuma ilisimamishwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali, na malaria ilikuwa mbele katika madhara hayo. Lakini katika kundi dogo lililopimwa kwa undani na kufuatiliwa matibabu yake, watoto waliokuwa kweli wamekosa chuma na kupungukiwa damu walifaidika. Dawa ilikuwa ileile. Kilichotenganisha heri na shari ni hali ya mtoto aliyeipokea. Biolojia yake tunaielewa vizuri zaidi sasa: mwili unapopambana na maambukizi, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, inayofunga milango ya chuma kwenye utumbo na kwenye seli za akiba, ili vimelea visikipate. Wakati huo mtu aweza kuwa na chuma tele ghalani na damu ikapungua, na chuma kinachomezwa hakiingii bali hubaki tumboni. Siku hizi palipo na malaria, chuma kwa watoto hushauriwa kiende sambamba na kinga na matibabu ya malaria, na huo ndio mkondo sahihi.

Je, nasema akina mama wajawazito waviache vidonge vyao? La hasha, na naomba asitoke mtu humu na maneno hayo. Ujauzito mmoja hudai takriban gramu 1 nzima ya chuma kwa ajili ya mtoto, kondo na damu ya mama inayoongezeka, na chakula cha kawaida hakiwezi kulilipa deni hilo kwa miezi tisa. Mama huyu mahitaji yake tunayajua kabla ya kipimo, ndiyo maana kumpa kila mjamzito chuma na foliki asidi ni sera ya haki. Ila hata kwake swali langu linabaki. Utafiti wa kliniki za Moshi mjini uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta karibu nusu ya wajawazito wana himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita, na miongoni mwa waliokuwa hatarini zaidi ni wenye virusi vya Ukimwi. Virusi hivyo hubana uboho, na baadhi ya dawa zake za miaka iliyopita, kama zidovudini, ziliubana pia. Mama wa namna hiyo akiambiwa kila hudhurio aongeze mboga za majani, tumemkosea. Na mjamzito anayetafuna pemba, ule udongo unaouzwa sokoni, asikemewe tu. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na ukosefu wa chuma, na udongo wenyewe huweza kukinasa chuma kisifyonzwe.

Tupande sasa. Juu huku malaria ni haba. Katika upimaji wa kitaifa wa mwaka 2017, watoto waliokutwa na malaria mkoani Kilimanjaro hawakufika asilimia 1. Mwingine atasema: afadhali, na zaidi ya hayo watu wa mlimani wana damu nyingi, kwa hiyo tatizo hili ni la watu wa chini. Sehemu ya kwanza ni kweli. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo, figo huhisi, na himoglobini ya mkazi wa kudumu hupanda. Kwa sababu hiyohiyo, namba inayotosha Dar es Salaam haitoshi huku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, linataka kiwango kiongezwe kwa gramu 0.4 kwa desilita mahali pa mita 500 hadi 999, ambapo Moshi mjini imo, na kwa gramu 1.1 mahali pa mita 1,500 hadi 1,999. Mwanamke asiye mjamzito anayeishi kwenye mita 1,600 akikutwa na gramu 12.5, kwa kipimo cha pwani ni mzima, kwa kuwa mpaka wake ni 12. Kwa kimo chake mpaka ni 13.1, na ameshapungukiwa. Akirudishwa nyumbani kwa maneno ya kumtuliza, uchovu wake utaitwa uvivu au uzee. Kimo hakimkingi mtu wa mlimani, humfichia ugonjwa.

Hapo ndipo watu huuliza kuhusu chakula, na kwa vijiji vya juu chakula ni suala kweli. Ndizi na maharage hushibisha, na maharage yana chuma, lakini ni chuma kilichofungwa na kemikali iitwayo fiteti, kwa hiyo utumbo huchukua kidogo tu. Mnafu na mchicha ni hivyohivyo. Chai pamoja na chakula huweza kupunguza ufyonzaji wa chuma hicho kwa zaidi ya nusu, na kahawa yetu, fahari ya mlima, nayo hupunguza kwa kiasi kikubwa. Saa moja au mbili kati ya mlo na kikombe hazimgharimu mtu kitu. Limau au chungwa pembeni ya maharage hufungua kilichofungwa. Kuotesha ulezi kabla ya kuusaga, jambo ambalo wapishi wa pombe ya mbege wanalijua tangu zamani, hupunguza fiteti, na utaalamu huo ungefaa sana kwenye uji wa watoto. Wazee wetu walimpa mama aliyejifungua mlaso wenye damu na mtori wenye nyama, wakapika kisusio cha damu ya mnyama, na katika hili walikuwa sahihi kabisa, kwani chuma cha nyama na damu huingia mwilini kwa wepisi kuliko chuma cha majani. Mtu aliyezoea kuona wekundu kama nguvu hataipenda habari hii, lakini rangi ya rosela na ya kiazisukari si chuma. Hata hivyo tusikifanye chakula kuwa jibu la kila kitu. Wilayani Kilosa, watafiti waliwapa watoto wachanga chakula cha nyongeza kilichotayarishwa kwa ustadi, na wakachapisha mwaka 2004 kwamba hakikuinua wekundu wa damu kuliko chakula kilekile kisichotayarishwa hivyo. Na sheria ya kurutubisha unga, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2013, haijaugusa sana unga unaosagwa kwenye mashine za mitaani, ambao ndio ugali wa wengi.

Naona kadiri tunavyozeeka na kuhamia mjini, sababu mpya zinajitokeza ambazo hazihusiani na sahani kabisa. Utafiti uliofanywa Moshi mjini na vijijini na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 15.2 ya watu wazima wa mjini, dhidi ya asilimia 2 vijijini. Figo iliyochakaa haitoi erithropoietini ya kutosha. Uboho upo, chuma kipo, amri haiji. Mgonjwa wa kisukari au presha aliyepauka, akinywa rosela mwaka mzima, anapoteza mwaka ambao figo zake zingeweza kulindwa. Kibong'oto, hospitali iliyohudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926, ni ukumbusho kwamba maradhi ya muda mrefu hukifunga chuma ghalani kwa hepsidini. Mgonjwa wa kifua kikuu hupata damu anapotibiwa kifua kikuu. Mwanamke anayebadilisha pedi kila saa akidhani ndiyo hedhi ya ukoo wao, huenda ana uvimbe kwenye kizazi. Mnywaji wa kila siku huharibu uboho kwa pombe na hukosa foliki asidi. Na mwanamume wa miaka 60 aliyekosa chuma, ambaye hapati hedhi wala hazai, anavuja damu mahali fulani tumboni mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kumpa vidonge huyo bila kumchunguza ni kuificha saratani inayotibika hadi isitibike.

Inabaki hoja ya gharama, na sitaipuuza, maana wengi hulipa mfukoni. Lakini maswali ya mwanzo hayahitaji fedha: hedhi ikoje, choo ni cheusi, dawa gani mtu anatumia, ana homa au kikohozi cha muda gani, uzazi ulipishana kwa muda gani. Mashine ya kupima picha kamili ya damu, iliyopo katika hospitali nyingi za mkoa huu, inatoa pia ukubwa wa seli kwenye karatasi ileile. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuusoma. Seli ndogo huelekeza kwenye chuma au thalasemia, seli kubwa huelekeza kwenye foliki asidi, B12 au pombe, na seli za ukubwa wa kawaida hutuamuru tuangalie figo na maradhi sugu. Na pale ambapo hata mashine hiyo haipo, tiba yenyewe inaweza kuwa kipimo. Aliyekosa chuma kweli, akinywa vidonge sawasawa, wekundu wake wapaswa kupanda kwa angalau gramu 1 ndani ya wiki nne. Usipopanda, na vidonge vimenywewa, chuma hakikuwa jibu au damu ingali inavuja. Gharama kubwa zaidi ni ile ya miezi tunayoiacha ipite bila kurudia kipimo.

Mwaka 2004 na 2005 asilimia 72 ya watoto wa Tanzania wa umri wa chini ya miaka mitano walikuwa na upungufu wa damu. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 59. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 59 vilevile, na wanawake walio katika umri wa kuzaa walikuwa asilimia 42. Takwimu hizi hazitaji sababu, lakini nazisoma hivi: tulifaidika pale tulipomshughulikia mharibifu mmoja mkubwa, kisha tukaendelea na ndoo. Wauguzi na madaktari mliomo humu, nawaombeni msiandike neno upungufu wa damu kwenye faili bila kuandika sababu mnayoishuku, pamoja na tarehe ya kurudia kipimo. Nawe uliyekuja na kadi yako ya kliniki mkononi, kabla hujapokea vidonge uliza kwa heshima damu yako imepotelea wapi, vinywe ulivyoelekezwa, na baada ya wiki nne rudi upimwe tena.